Karani Hakuwa Wetu

Mjomba,

Karani hakuwahi kuwa kwenye timu yako. Sijamwambia mtu yeyote: si Mama, si Belyse binti yako, si mchungaji. Kwa wiki saba nilikuambia kwamba tunaye, na kwa wiki saba ulifurahi, na hatukuwa naye hata siku moja. Nilitaka kuanza kwa salamu, lakini najijua. Nikianza kwa salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa nikuamkie. Shikamoo, Mjomba. Sijui kama marehemu huamkiwa shikamoo, ila siwezi kusema na wewe bila hiyo. Ni mimi, Odette, mtoto wa dada yako, Katibu wako. Niko kwenye meza ya jikoni kwetu Newburg, Louisville, na daftari letu liko mbele yangu, lile la jalada la kijani lenye doa la chai. Mama yuko kazini. Shule nimemaliza wiki mbili zilizopita. Nilivaa joho, nikaitwa jina, nikapanda jukwaani, nikapewa mkono, nikashuka bila kusema neno. Ungecheka. Ungesema, "Katibu amehitimu kimya kimya kama paka."

Daftari nimelifungua ukurasa wa Karani. Hakuna mwingine duniani anayeweza kuusoma, kwa sababu hatukuandika majina ya wachezaji wa besiboli hata mara moja. Wewe uliwabatiza wote. Bwana Harusi, yule aliyekuwa akijipangusa vumbi kila mara. Dereva. Mzee wa Kiti. Na huyu kijana mwembamba wa timu ya Buffalo uliyemwita Karani, kwa sababu kila akikosea aliandika kitu chini kwa ncha ya kiatu, mistari miwili mitatu kwenye vumbi, halafu akainua uso na kupiga glovu yake ngumi: leteni mwingine.

Unakumbuka siku tulipomwona? Ulikuwa bado unaishi Columbus, macho yako bado mazima, ukaja kwetu Louisville kwa sababu timu ya Buffalo ilikuwa inapita. Tulikaa kule kwenye nyasi, mbali, na karanga za kuchemsha ulizozificha kwenye mifuko ya koti, koti zito katikati ya joto, mpaka mlinzi wa getini akakuuliza kama unaumwa. Mama alikuwa nyuma yetu na mwavuli wake. Alikuuliza tena, kama kila mwaka, hiyo timu yako ni timu gani isiyo na uwanja wala jezi. Ukamjibu, "Dada, wachezaji ni wa kweli na wanacheza kweli. Sisi tunagawana majina yao tu. Wangu akipiga vizuri leo, mimi napata pointi leo. Ni kama kula mayai ya kuku anayefugwa na mtu mwingine." Mama akasema, "Na kuku mwenyewe hakujui." Ukacheka hadi karanga zikamwagika.

Wenzako wote wa mchezo huo walikimbilia wapigaji wakubwa, wenye mabega. Wewe uliangalia wanaolinda kituo cha pili. Ulisema wapigaji wakubwa wako tele, lakini mtu mzuri wa kituo cha pili ni kama kuni kule kambi ya wakimbizi: ukichelewa kuamka unakuta wenzako wameshabeba. Na kwa kuwa timu za Louisville, Columbus na Buffalo ni mlango wa ligi kuu, ulisema tuwatazame hapohapo mlangoni, kabla wenzako hawajasikia majina yao.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuletea hesabu kutoka kwenye simu: huyu amepiga mara ngapi, huyu ameiba vituo vingapi kwa mbio. Ulisikiliza vizuri, hukuwahi kunidharau, halafu ukasema, "Hizo ni habari za jana. Usiangalie mpira, Katibu, mpira utakudanganya. Angalia miguu kabla mpira haujapigwa." Ulikuwa beki namba mbili wa soka kule kambini na bado uliwapima watu kama beki. Tukachora safu nne kwenye daftari: Miguu, Mikono, Subira, Roho. Nilikubishia kuhusu Mikono. Nilisema mtu hapati pointi kwa kudaka, anapata kwa kupiga na kukimbia, sasa Mikono ya nini? Ukanijibu jambo ambalo hadi leo sijaliona kwenye hesabu ya mtu yeyote: "Anayedaka vizuri halali benchi. Hata akikosa kupiga wiki mbili, kocha atamwacha uwanjani kwa ajili ya mikono yake. Na aliye uwanjani ndiye anayepata pointi."

Kwenye safu ya Roho, mbele ya Karani, mwandiko wako mwenyewe unasema: "Anaandika kosa, anaomba mpira mwingine." Nimesoma mstari huo mara nyingi mwaka huu. Sijui kama nimeuelewa.

Halafu sukari ikachukua macho yako, na baadaye figo. Ukaacha kazi ya ghalani, ukahamia kwa Belyse, Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, kwenye ile nyumba ambayo ndege zinapita juu yake kama zinataka kutua sebuleni. Nikawa nakusomea mechi kwa simu. "Miguu yake iko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lako. Hukuuliza amepiga au hakupiga. Uliuliza miguu, nami nikitazama kioo cha simu niliona miguu kwa ajili yako, na nadhani ndizo saa pekee katika maisha yangu nilizoongea bila kuogopa.

Ndiyo maana uliniamini siku ya kuchagua.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi mwaka jana, baada ya ibada. Ulipangiwa kusafishwa damu hospitalini saa zilezile. Ulinipigia asubuhi ukasema, "Leo unakaa kwenye kiti changu. Wengine chagua unavyoona. Lakini kituo cha pili ni Karani. Mzunguko wa saba, zamu yetu ikifika, sema jina lake tu." Sema jina lake tu! Unakumbuka kanuni ya Anko Njoroge. Yeye ndiye mwenyekiti wa mchezo wenu, na yeye ndiye anayeingiza majina kwenye mtandao, lakini kila mtu lazima ataje mchezaji wake kwa mdomo, mbele ya wote, ndani ya sekunde tisini. Asiyesema, mashine inamchagulia.

Mizunguko sita ya kwanza nilimpa Mama karatasi, akawa anasoma majina kwa sauti yake ya kwaya, anayavunjavunja, na wanaume wanacheka. Kisha akaitwa na jirani, akatoka. Nikabaki peke yangu na nyuso nane kwenye kioo. Unawajua: Anko Njoroge sebuleni kwake Westerville na kofia yake ya manjano, na wale wenzako wa kambini, na Wakenya wa kanisani kwenu Columbus, kila mmoja na sahani yake. Zamu yetu ikafika.

"Kiti cha mzee, tunakusikiliza," Anko Njoroge akasema.

Jina lilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa. Nikafungua sauti, nikafungua mdomo.

"Huyu mtoto amelala?"

"Mpeni maji!"

"Aki muacheni, anapiga hesabu. Sema basi, msichana. Jina moja tu. Zimebaki ishirini."

Hawakuwa wabaya, Mjomba. Nataka ujue hivyo. Walitania kama wanavyotaniana wao kwa wao. Lakini nilipitisha kidole tu juu ya lile jina, herufi kwa herufi. Niliziona namba zikishuka. Mashine ikatuchagulia mtu wa kituo cha pili, na wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Mzee wa Kiti, yuleyule uliyesema anacheza kama ameketi. Na zamu iliyofuata, Anko Njoroge mwenyewe akamtaja Karani. "Huyu nilikuwa namuota," akasema, akapiga makofi.

Ulinipigia ulipofika nyumbani. Hukusema hata salamu. Uliuliza, "Tumempata?"

Nikasema, "Tumempata."

Lilitoka bila kukwama. Sauti iliyokataa kutaja jina moja la kweli mbele ya watu nane ilitaja uongo mbele yako laini kabisa. Nilisikia unampigia Belyse kelele: "Tumempata! Katibu amempata!" Nikajiambia nitakueleza kesho, ukishapumzika.

Kesho yake ulinipigia ukiwa kwenye gari la hospitali, na dereva alishajua habari za Karani. Keshokutwa wauguzi walijua. Jumapili mchungaji wenu akajua. Wiki ya pili ya Aprili Karani akapandishwa ligi kuu, na ulilia kwenye simu. Sasa ningesema nini? Kila siku uliuliza, "Kijana wetu amefanya nini?" nami nilikujibu kweli tupu: amepiga mara mbili, ameiba kituo, amedaka mpira akiwa amepiga magoti. Yote kweli, isipokuwa neno "wetu". Na ulipouliza tuna pointi ngapi, nilizijumlisha za Karani na kuziondoa za Mzee wa Kiti, kichwani, haraka, kama mwizi anayerudisha vyombo mahali pake. Wewe hukuweza kuona kioo. Mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimdanganya mtu aliyeazima macho yangu.

Hapana. Kuna linaloniuma kuliko hilo.

Jumapili moja ya Mei Anko Njoroge alikuja Buffalo kwenye harusi, akapita kukuona. Belyse alinisimulia baadaye, bila kujua anasimulia nini: ulimshika mkono ukamtambia, "Njoroge, mwaka huu umekwisha. Nina Karani!" Na Anko Njoroge, aliyekuwa na Karani mfukoni mwake, akasema, "Eeh mzee, hapo umenimaliza." Akanywa chai yake, akaondoka.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana shuleni, nikaona ujumbe kwenye ukurasa wa timu yetu mtandaoni. Anko Njoroge anaomba kubadilishana. Yeye atupe Karani, sisi tumpe Mzee wa Kiti. Hakuandika neno lingine lolote. Ombi lingedumu siku mbili.

Kubonyeza mara moja tu, Mjomba. Uongo wangu wote ungegeuka kweli. Kila "tumempata" niliyowahi kukuambia ingesimama.

Sikubonyeza. Nilijiambia: nikikubali, atajua kwamba nilidanganya. Kana kwamba hakuwa ameshajua! Nilikaa na simu siku mbili. Niliifungua kwenye basi la shule, niliifungua bafuni. Jumatano ombi likafutika. Siku ile ya kuchagua ilikuwa woga, na woga nimezaliwa nao. Hii haikuwa woga. Nililinda jina langu kwa mtu mmoja, nikakuacha wewe mikono mitupu.

Alhamisi Karani alipiga vizuri, mara tatu. Nikakuambia. Sauti yako ilikuwa chini sana, Belyse alikushikia simu. Ulisema, "Kijana wetu. Asante, Katibu." Ijumaa asubuhi Mama alikuja kunichukua shuleni akiwa na kandambili miguuni, na Mama hatoki nje na kandambili, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Mambo ya huku ni haya. Mama bado anahifadhi namba yako na wakati mwingine anaipiga, anasikiliza yule mama wa kwenye mashine akisema haipatikani, anakata. Belyse ameipaka nyumba rangi. Koti lako la karanga ninalo mimi. Jumatatu ijayo naanza kazi ghalani, kupanga mizigo, mpaka masomo ya chuo yafunguliwe. Mama amesema nivae viatu vyako vya kazi nikijaza soksi mbele, nikakataa, kisha nikavijaribu.

Timu hawakuifuta. Anko Njoroge alisema iendelee kwa jina lako hadi msiba uondolewe, na mimi nishike kiti. Machi mwaka huu tukachagua tena. Zamu ya kwanza kabisa, mzunguko wa kwanza, nilitaja jina la Karani. Kwa mdomo. Nilianza kulitaja kabla Anko Njoroge hajamaliza kuniita, maana nilikuwa nikilitaja tangu ibadani, kimoyomoyo, mchungaji anisamehe. Wanaume waliangua kicheko. "Kituo cha pili, mzunguko wa kwanza? Mtoto, umechoma nyumba upate mkaa!" Anko Njoroge hakucheka. Aliandika tu.

Walikuwa sawa kunicheka. Karani alianza vibaya na mwezi wa tano wakamrudisha Buffalo. Aliye kule hatuletei pointi hata moja. Sisi ni wa mwisho, Mjomba, na wanatuita Kiti Kitupu. Simwachi.

Jumamosi iliyopita tuliondoa msiba wako, ile sherehe yetu ya kuganduka, kwa Belyse. Watu walitoka Louisville na Columbus kwa magari matatu. Palikuwa na wali na maharage na ndizi na fanta, na mzee wa familia akasimama akasema kama inavyosemwa: mwenye neno lake na marehemu aliseme leo, maana leo tunafunga, na kesho tunaanza kuishi. Ndege ikapita. Nilikuwa na neno, nilikuwa nalo hapa kooni.

Mama akasimama kabla yangu. Akasema kaka yake alikufa akiwa na furaha, na furaha hiyo aliletewa na mtoto huyu, aliyemchagulia mchezaji wake kipenzi alipokuwa hawezi kuona. Alilia, lakini kilio kizuri, kile cha mtu aliyeshiba. Akaniambia nisimame. Watu wote wakanitazama, na kati yao Anko Njoroge, ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

Ningesema kweli, ningemnyang'anya Mama kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwenye siku zako za mwisho. Nikasema, "Mjomba alinifundisha kuangalia miguu." Nikakaa. Walipiga makofi. Mzee akasema basi, kiti cha marehemu kwenye mchezo wake amekirithi Odette, na wakapiga makofi tena.

Baadaye Anko Njoroge alinikuta naosha sufuria nyuma ya nyumba. Alichukua kitambaa akaanza kufuta, mtu mzima na suti yake. Akasema, bila kunitazama, "Katibu, lile ombi langu la mwaka jana. Hukuliona, sivyo? Simu hizi bwana."

Alikuwa ananifungulia mlango, Mjomba. Mtu mwema alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na wa kutokea ulikuwa uongo mwingine.

Nikasema, "Sikuliona, Anko."

"Nilijua," akasema. Akafuta sufuria ile mpaka ikang'aa.

Kwa hiyo siku ya kufunga maneno, mimi niliongeza lingine. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumapili mchana, kabla ya kurudi, nilimwomba Belyse anipeleke uwanjani. Nilivaa koti lako. Mlinzi aliniangalia. Karani alikuwepo, kituo cha pili, mwembamba vilevile. Sikuangalia mpira. Miguu yake ilikuwa imeanza kusogea kabla ya mrushaji kuachia, nusu hatua kushoto, na nilisikia nafsi yangu inakuambia: kushoto, Mjomba, nusu hatua. Kwenye mzunguko wa tano wa mechi mpira ulimpita katikati ya miguu. Uwanja ukazomea. Akainama, akaandika chini kwa kiatu, mistari mitatu. Akainua uso, akapiga glovu.

Sijui alichoandika. Mimi nimeandika haya.

Naahidi mambo matatu. Anko Njoroge nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa kuwa alifuta sufuria na hakustahili jibu lile. Jina lake liko mbele yangu kwenye simu na sekunde zinaenda, na safari hii sitaiachia mashine. Mama nitamwambia pia, siku nitakayoona anaweza kusikia bila kukupoteza mara ya pili. Sijui ni lini. Na Karani atakaa kwenye timu yetu hata wakimrudisha Buffalo mara kumi.

Pumzika, Mjomba. Sasa ni wetu kweli, ingawa nimekuletea kwa kuchelewa.

Ila mpaka Mama asikie kutoka kwangu, naomba jambo hili likae kwako. Huko uliko yuko Bibi, na Bibi tunamjua, atamtokea Mama ndotoni siku hiyohiyo. Usimwambie.

Katibu wako,
Odette